Gari la miaka 19 limeua injini baada ya kugonga kidogo: bima wanalipa taa na rejeta, injini wameikataa

#1 Kobe wa Lami

Wakuu, habari za wakati huu. Mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Nina gari dogo la petroli, sisi 1500, miaka 19, kilomita 243,000 kwenye saa. Nimekaa nalo miaka 7. Kila mwaka nalikatia bima kubwa (ile inayolipa hata gari lako mwenyewe) na sijawahi kudai hata kioo.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye foleni, gari la mbele likasimama ghafla, nikalivaa kwa nyuma. Mwendo ulikuwa wa kutambaa. Bahati mbaya lile lilikuwa na ndoano ya kuvutia tela, na ndoano ikaingia mzima mzima kwenye bampa langu. Lake halikupata hata mkwaruzo. Langu bampa limetoboka, taa ya kushoto imepasuka, basi. Nikachungulia chini, sikuona kitu kinachuruzika. Tukapiga picha, tukapeana namba, tukaachana vizuri. Nikawasha nikaendelea na safari, nyumbani palikuwa kama kilomita 20.

Karibu na mwisho mshale wa joto ukapanda. Nikasema nipo jirani, nitafika. Baada ya dakika chache ukashuka wenyewe hadi kwenye baridi, nikamshukuru Mungu. Kilomita moja mbele injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe kwa nyundo, nguvu zikaisha, ikazima. Haikuwaka tena.

Fundi kafungua: silinda hedi imepinda, gasketi imeungua kati ya silinda ya 2 na ya 3, kuta za silinda zimekwaruzwa na pistoni. Anasema hata hedi ikichongwa ni kazi bure, nitafute injini ya mtumba.

Bima wamejibu hivi: bampa na taa wanalipa. Rejeta wanalipa nusu kwa sababu ilikuwa imechakaa. Injini hawagusi, kwanza kwa uchakavu, pili kwa sababu niliendelea kuendesha gari lililoharibika. Na hapo hawajatoa ekses, kile kiasi ninachobeba mwenyewe kwenye kila dai.

Naomba kujua kama hii ni haki na kama kuna pa kushika. Matusi mniwekee ya baadaye.

#2 Pancha

Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu njooni.

#3 Mjomba Dizeli

Miaka 19 na bima kubwa? Mkuu hiyo ulikuwa unatoa sadaka.

#4 Spana Kumi na Tatu

Pole sana mkuu. Mimi ni fundi, na injini zilizokufa kifo hiki nimezifungua nyingi tu. Kila mwenye nayo huniambia sentensi ileile: mshale ulishuka wenyewe.

Mshale haukushuka kwa sababu injini imepoa. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, ambavyo haviipelekei joto kama maji, kwa hiyo inasoma baridi wakati chuma kilicho pembeni yake kinaiva. Mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla na hujasimama popote, zima gari hapohapo hata kama geti la kwako unaliona.

Na magari mengi mshale wenyewe umefundishwa kunyamaza. Maji yawe nyuzi 85 au 100, unakaa palepale katikati, ili mwenye gari asipate presha kila akipanda mlima. Ukiuona umetoka katikati ujue huko ndani mambo yalianza kitambo.

Sasa hili la kuchungulia chini. Maji ya rejeta hayachemki kwenye nyuzi 100 kwa sababu mfumo umefungwa na una presha. Angalia kifuniko cha rejeta, kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Kwa presha hiyo maji yanavumilia hadi karibu nyuzi 120. Pakitokea tundu, hata la sindano, presha inapotea na maji yaleyale yanachemka mapema. Tundu la namna hiyo unaweza usione tone gari likiwa limesimama. Ukishika mwendo, presha ikipanda, linarusha mvuke mwembamba unaopeperushwa na feni, na chini ya gari pakavu kabisa. Kwa hiyo pale kwenye ajali kutoona kitu siyo uzembe wako. Zile dakika za mwisho ndiyo sitakutetea.

Swali: rejeta ya zamani iko wapi?

#5 Kobe wa Lami

Iko gereji nadhani. Au fundi keshaiuza chuma chakavu.

#6 Spana Kumi na Tatu

Kimbia kaichukue. Leo. Hiyo ndiyo shahidi wako.

Ukiipata, iangalie kwenye mwanga wa jua. Palipotobolewa na ndoano panakuwa na chuma kinachong'aa, mapezi (vile vibati vyembamba) yamelala kuelekea upande wa injini, na hapana utando. Mvujo wa zamani unajionyesha wenyewe: ukoko wa rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji), kijani au pinki au nyeupe kama chokaa, umekauka kwenye maungio ya tangi la plastiki na bomba za alumini. Piga picha zote mbili kama zipo. Usioshe.

#7 Karani wa Zamani

Nimekaa upande wa madai ya bima ya magari miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakwambia bila kukupamba.

Sharti walilotumia lipo kweli. Mikataba mingi ya bima ya gari ina kifungu kinachosema gari likipata ajali usiliendeshe kabla ya matengenezo yanayohitajika, na ukiliendesha, uharibifu utakaoongezeka ni wako. Uchakavu, kutu na kuharibika kwa mitambo kwenyewe navyo havimo. Bima kubwa jina lake linawadanganya watu, wanadhani ni kubwa kwa kila kitu.

Lakini soma tena jibu lao. Wamekupa sababu mbili zinazogombana. Kama injini ilikufa kwa uchakavu, basi kuendesha kwako kunahusu nini? Na kama ilikufa kwa sababu uliendesha baada ya kugonga, wameshakubali kwamba chanzo ni ajali. Waandikie barua, siyo simu, uwaulize wanasimamia ipi na ni kifungu namba ngapi, na uombe nakala ya ripoti ya mkaguzi. Kwa kawaida wewe unaonyesha kwamba hasara imetokana na ajali iliyomo kwenye bima. Wao wakitaka kujikinga kwa kutumia kifungu cha kutolipa, ni juu yao kukithibitisha.

Hiyo nusu ya rejeta nayo usiimeze tu. Hoja yao ni kwamba ukipewa kipya badala ya kikuukuu, gari linakuwa bora kuliko lilivyokuwa, kwa hiyo uchangie. Kuna mikataba yenye jedwali kabisa la makato kwa umri wa kifaa. Kama wako unalo, wamefuata mkataba. Kama haunalo, waulize nusu wameipimia wapi.

Palipokufunga ni maneno yako mwenyewe, "nipo jirani, nitafika". Kilomita za kabla ya mshale kupanda zinateteka. Za baada ya hapo sioni.

#8 Bi Shokapu

Kobe naomba nikuulize na usikasirike. Kabla ya ajali ulikuwa unaongeza maji?

#9 Kobe wa Lami

Ndiyo dada. Kama nusu lita kwa wiki, miezi miwili hivi. Maji ya bomba. Nilijua nitakuja kushughulikia mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi una mambo yake. Mkaguzi aliponiuliza nikamwambia ukweli.

#10 Pancha

Mkuu si ungekaa kimya? Hakukuwepo mtu kwenye boneti yako akihesabu.

#11 Karani wa Zamani

Pancha, usimfundishe hivyo. Uongo mmoja kwenye madai unaweza kuua hata ile taa na bampa walivyokubali.

Kanuni ya kusemeana ukweli kwenye bima haikuanza na magari. Lord Mansfield aliiweka wazi Uingereza mwaka 1766 kwenye kesi ya Carter v Boehm, iliyohusu bima ya ngome huko Sumatra. Na watu wanaoitaja husahau kwamba siku ile aliyeshinda ni aliyekata bima, kwa sababu mwenye kuuza bima alikuwa na nafasi ya kuijua hatari ile mwenyewe. Ukweli unazibana pande zote mbili, ndiyo hoja yangu.

Kwa Kobe: kuongeza maji kunaonyesha rejeta ilikuwa na udhaifu. Hakuonyeshi kwamba ndoano haikuitoboa. Ni vitu viwili.

#12 Spana Kumi na Tatu

Nusu lita kwa wiki siyo "kuongeza maji", huo ni ugonjwa. Mfumo usio na ugonjwa haupungui maji, umefungwa. Yakipungua yanatoka mahali: rejeta, hosi, pampu ya maji (angalia kitundu kidogo chini ya beringi ya pampu, kikiwa na michirizi pampu inaaga), kiini cha hita ndani ya dashibodi (kapeti la abiria linalowa na vioo vinajaa ukungu mtamu kidogo kunusa), au yanaingia kwenye silinda, na hapo asubuhi ekzosi inatoa moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto.

Na maji ya bomba kwenye rejeta ya alumini ni kuila polepole. Kulanti siyo mapambo, ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewesha kuchemka. Nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

#13 Tairi Kipara

Samahani kuvamia uzi wa watu. Gari yangu miaka 16, betri nimebadilisha mara mbili ndani ya mwaka, na asubuhi ikilala siku mbili haipigi stata. Fundi anasema ninunue ya tatu, kubwa zaidi. Niendelee?

#14 Waya Mwekundu

Usinunue kitu. Chukua mita kwanza, hata ile ya bei rahisi kuliko zote.

Gari limelala usiku, hujafungua hata mlango, pima betri. Volti 12.6 imejaa. 12.0 imekaribia kukata roho. Injini ikiwashwa, pima tena palepale: kati ya 13.8 na 14.5 ujue alternata inachaji. Ikibaki 12 na kitu, betri unaionea, alternata au waya wake ndiyo mgonjwa.

Kama inachaji vizuri na bado inakufa, kuna kitu kinanyonya usiku. Chomoa terminali ya hasi, weka mita katikati upande wa ampea, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Ampea 0.05 kushuka chini ni kawaida. Ikiwa juu ya hapo anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke, fyuzi iliyoiangusha ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi ni redio iliyofungwa baadaye, king'ora, au taa. Tafadhali usipige stata mita ikiwa katikati, utaiunguza.

Kingine kwa wenye magari ya umri huu: mizimu mingi ya umeme ni waya wa eathi. Taa zinafifia ukiwasha indiketa, mshale wa mafuta unacheza, stata inakwenda kivivu na betri mpya. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye ule waya. Toa, sugua mpaka chuma kiwe cheupe, funga. Nimeshaona mtu amebadilisha stata, betri na swichi, kumbe ni boliti moja yenye kutu.

#15 Tairi Kipara

Nimerudi. Fyuzi ya taa za ndani. Nikaweka simu kwenye buti inarekodi video, nikafunga, nikasubiri dakika moja. TAA YA BUTI HAIZIMI. Swichi yake imekwama. Miezi yote hiyo nilikuwa nalala nimewasha taa ya kuangazia tairi la akiba.

#16 Pancha

😂😂 na tairi lenyewe kipara.

#17 Bi Shokapu

Pancha ungeuliza umri wa hilo tairi ungecheka zaidi. Tairi Kipara, tafuta namba nne za mwisho kwenye ubavu baada ya herufi DOT. 2311 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi la akiba huwa linazeeka gizani likiwa na kashata (meno) zake zote, siku unalihitaji linafumuka.

#18 Mjomba Dizeli

Narudi kwenye hoja yangu maana mmenipita kama hamnioni. Tufanye hesabu. Tuseme gari lilikuwa na thamani ya 100 wakati Kobe analinunua. Bima kubwa 5 kwa mwaka, bima ndogo (ya mtu wa tatu tu) 1. Tofauti 4, mara miaka 7 ni 28. Leo gari limeshuka, tuseme 40. Likiibiwa kesho halipwi 100, analipwa thamani ya sokoni ya leo, akatwe ekses, abaki na 35 hivi. Ametoa 28 ya hakika kwa ajili ya 35 ya labda. Hiyo 28 angeiweka pembeni, leo angekuwa na injini mbili.

#19 Bi Shokapu

Mjomba hesabu yako ni nzuri kwa mtu anayeweka hiyo 28 pembeni kweli. Wewe umeiweka?

#20 Mjomba Dizeli

Tusifike huko.

#21 Bi Shokapu

Basi sikiliza yangu. Gari langu la kabla ya hili lilikuwa na miaka 21. Bima ya katikati, ile ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Gasketi ya juu ya injini ilikuwa inatoka jasho la oili. Kila fundi alisema ni kawaida ya gari la umri huu, mama, ongeza oili tu. Kwenye magari ya aina ile ekzosi inatokea upande uleule. Kwa miezi nilikuwa nasikia harufu ya oili inaungua nikisimama kwenye taa, nikaizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Jioni moja nilikuwa napanda mlima na mzigo, moshi ukaanza kutoka kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Nilitoka na mkoba na kiatu kimoja.

Mkaguzi alisema chanzo ni mvujo. Nikajua nimekwisha. Lakini mkataba ulikuwa unalipa moto, na kilichokatwa kama uchakavu ni ile gasketi yenyewe, moto haukukatwa. Ugomvi ukahamia kwenye thamani. Wao walileta namba ya chini sana. Nikakusanya matangazo sita ya magari ya aina ileile, mwaka uleule, kilomita zinazokaribiana, nikaweka na risiti za shokapu na tairi nilizobadilisha mwaka ule. Wakapanda kwa karibu robo.

Kwa hiyo Mjomba, ya katikati ipo. Siyo lazima kubwa au ndogo.

#22 Spana Kumi na Tatu

"Kawaida ya gari la umri huu" ni maneno ya fundi aliyechoka. Oili ikidondokea sakafuni ni uchafu. Ikidondokea ekzosi ni jambo jingine. Hosi za petroli nazo, zile za mpira zenye nyufa kama kisigino: kuzibadilisha ni kazi ya nusu saa.

#23 Tairi Kipara

Karani, mimi kwenye fomu nimeandika thamani ndogo ili ada ishuke. Nina kosa?

#24 Karani wa Zamani

Unalo, na utalijua siku ya madai madogo, siyo makubwa. Mikataba mingine ina kanuni ya uwiano. Gari thamani yake halisi 100, wewe umeandika 60. Ukapata hasara ya 20. Kwa kanuni hiyo wanakulipa 60 ya mia ya hasara, yaani 12, kwa sababu wanasema asilimia 40 iliyobaki ulijiwekea bima mwenyewe. Na kuandika zaidi hakukusaidii upande wa pili: ukiandika 150, gari likiteketea unalipwa thamani ya sokoni, ile ada ya ziada wameshakula. Njia safi ni kukubaliana thamani kwa maandishi mwanzoni, wapo wanaofanya hivyo kwa magari yaliyotunzwa.

Jingine ambalo wenye magari makongwe hawaliwazi ni kufutwa. Wanalinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari, ikipita kiwango walichojiwekea, wanahesabu limekufa. Gari kongwe linafika hapo haraka mno. Boneti, bampa, taa mbili na mifuko ya hewa iliyofumuka, hesabu imeshapita gari zima, na injini bado inanguruma nje. Unaweza kuomba ubaki na mabaki, wanakata bei yake kwenye malipo. Ila uliza kabla hujakubali kama huko kwako gari la namna hiyo linaandikwa kwenye rekodi na kama linahitaji ukaguzi ndipo lirudi barabarani.

#25 Pancha

Na taa ya cheki injini? Yangu inawaka mwaka wa pili. Inaweza kuninyima fidia?

#26 Waya Mwekundu

Ya fidia muulize Karani. Mimi naona uchungu wa mwaka wa pili. Chini ya usukani kuna soketi ya kupimia, magari yaliyouzwa Marekani yanayo kuanzia 1996 na ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Kifaa cha kusoma kodi (namba za hitilafu) ni kidogo kama kiberiti. Usiamini tu namba ukakimbilia dukani: kodi inakwambia wapi panauma, haisemi nani kamuumiza. Mfano P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Hamisha koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo. Ikibaki P0301, angalia plagi na injekta. Hujatumia hela.

#27 Karani wa Zamani

Taa peke yake mara nyingi hapana. Kampuni itatafuta uhusiano: je, kasoro uliyoijua ndiyo iliyosababisha ajali? Injini inayomisi haihusiani na mtu aliyekugonga ubavuni. Tairi lililobaki kashata chini ya milimita 1.6, kiwango cha kisheria katika nchi nyingi, na ukateleza kwenye mvua, hapo wataliangalia tairi kabla hawajakuangalia wewe. Breki vilevile.

#28 Kobe wa Lami

MREJESHO.

Rejeta nimeipata. Ilikuwa nyuma ya gereji kwenye rundo la kusubiri mtu wa chuma chakavu, yule jamaa alikuwa aje kesho yake. Spana ulisema kweli kama vile ulikuwepo. Pembe ya chini kushoto kuna mpasuko wa urefu wa ukucha, chuma kinang'aa, mapezi yamelala ndani. Na juu, pale plastiki inapokutana na alumini, kuna ukoko wa kijani umeganda kama nta ya mshumaa. Vyote viwili. Nikapiga picha vyote viwili, sikuficha.

Mkataba nimeusoma kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa 9: baada ya ajali, kuvutwa hadi gereji ya karibu kunalipwa. Miaka 7 naulipia na sikuwahi kufungua zaidi ya ukurasa wenye jina langu.

Barua nimepeleka.

#29 Mjomba Dizeli

Ukurasa wa 9 umeniuma mimi ambaye sina hata bima kubwa.

#30 Kobe wa Lami

Mrejesho wa pili, baada ya siku 16.

Jedwali la makato halimo kwenye mkataba wangu, kwa hiyo rejeta wameilipa yote ukitoa ekses. Sababu ya uchakavu wameifuta kwenye injini. Ile ya kuendesha wameibakiza, na wameandika hivi: "kwa maelezo yako mwenyewe, uliendelea na safari baada ya kipimo cha joto kuonyesha hatari". Karani alishasema. Sina cha kubishana nao hapo, mshale niliuona.

Nimepata injini ya mtumba, aina ileile ya injini yangu. Inafungwa wiki ijayo.

#31 Spana Kumi na Tatu

Umepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla ya kulipa? Injini ya petroli iliyo nzima mara nyingi inasoma bar 12 kwenda juu, na silinda zisiachane sana. Na ikiwa bado iko sakafuni badilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji, themostati na sili ya nyuma ya krenki (ule mpira unaozuia oili). Ikishaingia kwenye gari, hiyo sili ya nyuma utaifikia kwa kushusha gia boksi.

#32 Kobe wa Lami

13, 13, 12.5, 13. Mkanda na pampu nimenunua. Sili nitamwambia.

#33 Karani wa Zamani

Injini nyingine ina namba nyingine. Peleka mabadiliko kwenye usajili wa gari na uwaandikie bima kabla hujaanza kuliendesha. Mkaguzi atakayekuja siku nyingine jambo la kwanza atalinganisha namba ya kwenye bloku na ya kwenye hati, na hutataka kuanza kueleza hadithi hii yote kando ya barabara.

#34 Kobe wa Lami

Sawa mzee. Picha ya namba nimepiga, ila tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu. Fundi anasoma 3, mimi naona 8. Risiti ya muuzaji imeandikwa 3.

#35 Spana Kumi na Tatu

Brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo, halafu paka chokaa juu uifute. Chokaa itabaki kwenye mikwaruzo tu.

#36 Kobe wa Lami

Nimefanya. Ni 8. Narudi kwa muuzaji na risiti yake.